BAKSHISHI YA MELINI: NI HIBA AU NI DENI?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua, lakini sisi leo limetufikia. Wako watu wa miji yetu ya Pwani, na khasa walio na jamaa zao Ulaya na Marekani, ambao husafiri katika zile meli kubwa za matembezi: meli ambayo mtu huipanda si kwa kutaka kufika mahali, bali kwa kustarehe, akala na kulala humo siku saba au zaidi, na akaamkia kila mara bandari nyengine. Meli za namna hii hata hapa Mombasa hutia nanga. Waulizaji wasema hivi: "Humo melini kila siku huandikwa fedha za bakshishi katika hesabu ya msafiri, naye hakuzitoa kwa mkono wake wala hakuulizwa. Je, ni wajibu kuzilipa? Akitaka ziondolewe, atakuwa amekosa? Na akipenda kumpa mtumishi kwa mkono wake, ampe lini, na kwa njia gani?"

Huenda mtu akaliona suali hili kuwa ni la wenye nafasi, lisilostahili kupoteza wino. Sisi hatuoni hivyo. Ndani yake mna haki ya mtu aliyefanya kazi, na haki ya mtu haina udogo. Tena, jawabu lake litatufaa hata sisi ambao safari yetu ndefu ni ya kivuko cha Likoni.

Kwanza yatupasa tulijue jambo lenyewe lilivyo, kwani hapana hukumu ila baada ya kufahamu. Zamani ada ya meli hizi ilikuwa ni bahasha. Usiku wa mwisho wa safari msafiri alitia fedha katika bahasha, akampa mtumishi wa chumba chake na waandalizi wa meza yake. Baadaye kampuni nyingi kubwa, khasa za Marekani, ziliacha ada hiyo zikaweka kiwango. Siku hizi kiwango hicho ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, kwa chumba cha kawaida. Vyumba vya fakhari hulipa zaidi. Mume na mke na watoto wao 2, wakisafiri siku 7 kwa kiwango cha dola 16, watakuta dola 448 juu ya nauli waliyokwisha kulipa. Fedha hizo hugawanywa baina ya mtumishi wa chumba na waandalizi wa meza, na katika kampuni nyingi huwafikia hata wale wasioonekana: wafua nguo, waosha vyombo na wasaidizi wa jikoni. Vinywaji vina hesabu yake mbali, nayo aghlabu ni asilimia 18 hadi 20 juu ya bei, hata kikiwa kinywaji chenyewe ni maji ya matunda au kahawa. Na mara nyingi karatasi ya kutia sahihi huwa na mstari mwengine mtupu wa kuongeza bakshishi. Asiyejua hujaza mstari huo, akawa amelipa mara mbili.

Katika kampuni nyingi za aina hii, fedha hizi huitwa za hiari. Msafiri asiyetaka kuzilipa aweza kwenda kwa makarani wa mapokezi kabla ya safari kwisha, akataka zipunguzwe au ziondolewe kabisa, na yakawa hayo. Hapa ndipo penye mtihani. Mlango umeachwa wazi, na mwenye kuingia haulizwi na mtu; basi yampasa ajiulize mwenyewe.

Twasema: fedha itokayo kwa mtu kumwendea mwengine kwa sababu ya utumishi haikosi kuwa moja katika mambo matatu. Ya kwanza ni ujira, nao ni haki ya aliyefanya kazi, anayeuzuia amedhulumu. Ya pili ni hiba, nayo ni wema wa mtoaji. Akitoa hushukuriwa, na asipotoa halaumiwi. Ya tatu ni rushwa, nayo ni fedha ya kununulia kisichouzwa. Hatari yote ya jambo hili imo katika jina. Kampuni imeuita ujira kwa jina la hiba, na msafiri akalishika jina akaiacha maana.

Tutazame maana. Watumishi wa meli hizi wengi wao hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na siku hizi wamo vijana wetu wa Kenya pia. Mkataba wa mtumishi aghlabu ni wa miezi sita hadi tisa mbali na mke na watoto. Mapatano ya dunia juu ya kazi za mabaharia, yaliyotungwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, ambayo Kenya nayo iliyakubali mwaka 2014, yametaka baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24. Maana yake ni kwamba saa zilizobaki zaweza kuwa za kazi. Na kipato cha mtumishi wa chumba na wa meza mara nyingi hukadiriwa tangu siku ya kuajiriwa pamoja na fungu lake la bakshishi. Mwenye meli alijua hivyo alipomwajiri. Mtumishi alijua hivyo alipoiacha nyumba yake. Na msafiri naye ameelezwa kiwango kabla ya kupanda. Jambo wanalolijua watu watatu, na kila mmoja wao akaliendea kwa kulijua, litaitwaje hiba?

Wanazuoni wetu wana kaida mashuhuri katika mambo ya muamala, kwamba lililojulikana kwa ada lina nguvu ya lililoshurutishwa kwa ulimi. Wala jambo hili si geni kwetu. Mzee aliyempeleka mtoto wake chuoni hakuandikiana na mwalimu juu ya kilemba cha kukhitimu. Lakini mtoto alipokhitimu, kilemba kilitolewa, na aliyekizuia kwa kusema "hatukupatana" alijulikana kuwa ni mtu asiye na muruwa. Basi tuonavyo sisi, kile kiwango kilichowekwa na kutangazwa ni sehemu ya bei ya safari. Aliyepanda hali akijua, amejifunga nacho. Kuondolewa kwake bila ya sababu si kuacha kutoa zawadi, bali ni kuzuia ujira. Na dawa ya deni ni kulipa.

Huenda mtu akasema: "Kuwalipa watumishi ni juu ya mwenye meli, mimi nimekwisha lipa nauli yangu." Twamjibu: neno lako la kwanza ni kweli, na lawama juu ya mwenye meli tutaileta. Lakini dhulma ya mwenye meli haikuhalalishii wewe kuongeza dhulma ya pili juu ya mtu yule yule. Ukizitoa fedha hizi, hazitoki katika faida ya kampuni. Hutoka katika fungu la aliyekutandikia kitanda. Tajiri haoni kitu, na maskini ndiye anayepungukiwa. Mwenye kutaka kumpiga vita mwenye meli, na aanze kabla ya kukata tikiti: achague kampuni zinazotia ujira wote ndani ya nauli. Nazo zipo. P&O Cruises ya Uingereza imefanya hivyo tangu mwaka 2019, na Seabourn, Silversea na Regent, ambazo ni za daraja ya juu, nazo huhesabu bakshishi ndani ya nauli. Huo ndio upinzani wa mtu mwenye insafu, kwani gharama yake huibeba mwenyewe.

Mwengine atasema: "Mimi nitaziondoa, kisha nitawapa kwa mkono wangu wale walionitumikia." Huyu nia yake ni njema, lakini amesahau mambo mawili. Amesahau wafua nguo na waosha sahani, ambao hakuwaona uso wala hatawaona, na shuka aliyoilalia imepita mikononi mwao. Tena, katika baadhi ya meli mtumishi wa msafiri aliyeziondoa fedha hizi hutakiwa kukitia katika mfuko wa wote kile alichopewa kwa mkono. Basi hata huyo aliyemkusudia huenda asikipate kizima.

Wa tatu atasema: "Sikuhudumiwa vizuri." Twamwambia: mlalamikie mkubwa wa idara siku ile ile, kabla meli haijarudi, ili kosa lirekebishwe na mwenye kosa aambiwe. Ama kunyamaza siku sita, kisha siku ya saba ukaenda kwa makarani kuwaadhibu watu ishirini kwa kosa la mmoja, hiyo si hukumu, ni hasira. Ikiwa umelalamika na hukusikilizwa, na huduma uliyoahidiwa hukuipata, hapo una haki ya kupunguza kwa kadiri ya kilichopungua, wala si zaidi.

Na wa nne, ambaye twamjua kuwa yumo katika wasomaji wetu, ataogopa asije akachangia kazi ya wanaouza ulevi. Katika kampuni nyingi mfuko huu wa kila siku ni wa chumba, meza na wasaidizi wao. Wauzaji wa vinywaji wana ile asilimia yao juu ya kinywaji chenyewe. Na aulize kampuni yake kabla ya kusafiri, wala asiifanye shaka kuwa kisingizio.

Hayo ndiyo ya ujira. Ama hiba, yaani kile ambacho mtu hukitoa kwa mkono wake juu ya kiwango, hicho ndicho cha hiari kweli, na asiyekitoa hana lawama. Lakini mwenye kukitoa na azichunge adabu zake.

Adabu ya kwanza ni wakati. Ujira mtu aulipe mapema, na ikiwezekana aulipe pamoja na nauli, maana mkono uliokwisha tumia madukani ya bandarini huwa mzito wa kulipa. Hiba aitoe mwisho, baada ya kazi kufanyika. Anayempa mwandalizi fedha siku ya kwanza ili apewe meza nzuri na kutangulizwa mbele ya wenziwe, huyo hakutoa hiba. Amenunua haki ya jirani yake, na hilo ndilo fungu la tatu tulilolitaja. Watu wetu husema mkono mtupu haulambwi, nasi twaona methali hii imewaharibu wengi, wakadhani kila mkono sharti upakwe kitu ndipo ufanye kazi yake. Usiku wa mwisho ndio mwema, kabla ya ile asubuhi ya haraka ambayo kila mtu atafuta mzigo wake na mtumishi amekwisha kabidhiwa chumba kwa wageni wapya.

Adabu ya pili ni siri. Tunajua jinsi watu wetu wanavyotunza arusini: noti hupeperushwa juu ili hadhirina waione kabla ya mpokeaji. Hiyo ni hiba ya macho ya watu. Mtumishi apewe katika bahasha, kwa mkono, kwa neno la shukrani na kwa jina lake. Naye si mwombaji hata arushiwe. Apewe noti anazoweza kuzitumia, wala asiachiwe sarafu za bandari tano ambazo hakuna atakayembadilishia. Na asiye na cha kuongeza, aandike jina la mtumishi aliyemfaa katika karatasi ya maoni ya meli. Wakubwa wa meli huzisoma karatasi hizo, na sifa iliyoandikwa yaweza kumfaa mtu katika mkataba wake ujao.

Adabu ya tatu ni kujua nani yumo na nani hayumo. Mchukuzi wa mizigo gatini, na dereva na mwongozi wanaokutembeza mjini, hawamo katika mfuko wa meli. Mgeni anayeshuka Kilindini akapelekwa Fort Jesus na kurudishwa, asidhani kwamba dereva wake wa Mombasa amelipwa na zile dola za melini.

Sasa turudi kwa mwenye meli. Amekosa, nasi hatumfichi. Nauli aitangazayo huonekana nyepesi kwa sababu sehemu ya ujira wa watu wake ameitoa nje ya bei, akaitundika juu ya moyo wa msafiri. Mabaharia wa majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi kutoka Ghuba na kurudi na kusi walilipwa kwa mafungu. Faida ya safari iligawanywa, na kila mtu alilijua fungu lake. Maisha yao yalikuwa magumu na madeni yao mengi, wala hatuwasifu manahodha wote. Lakini angalau riziki ya baharia haikutegemea abiria kuamka na furaha. Ujira wastahili kujulikana, na ulipwe na aliyeajiri.

Lakini tusiwe wakali kwa mwenye meli tu. Wangapi katika sisi tuna mikahawa na maduka, tukamwajiri kijana kwa mshahara usiomtosha, tukamwambia "nyengine utapata kwa wateja"? Wangapi humcheleweshea mtumishi wa nyumbani mshahara wa miezi miwili, kisha siku ya Idi wakampa kanga na noti moja, wakangoja kuombewa dua? Huyo naye ameuita ujira kwa jina la hiba, akataka ashukuriwe kwa kulipa nusu ya deni lake. Meli za matembezi wengi wetu hatutazipanda. Nyumba zetu tumo ndani yake kila siku, na ndani yake wamo watu wanaotutumikia.

Basi mukhtasari wa jawabu letu ni huu: kiwango kilichotangazwa ni ujira, ulipwe wote na ulipwe mapema, kinachozidi ni hiba, itolewe mwisho na itolewe kwa siri, na kinachotangulia ili kumpita mwenzako ni rushwa, iachwe. Hayo ndiyo tuyaonayo, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.