"Hapana Shaka": Neno Zito Barazani



Wewe uliye mwambao una misimu miwili ya mvua, Masika na Vuli. Ukikosa huu, wautazamia ule. Sisi wa Songea tuna msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mahindi ya mwaka mzima yamo humo. Basi ifikapo Novemba, mabarazani baada ya sala ya Isha hapana mazungumzo illa ya mvua: je, imeanza kweli, au yatuhadaa?

Mwaka mmoja ilinyesha siku tatu mfululizo. Redioni tulikuwa tumesikia kwamba huenda mvua za mwanzo zikakatika, na vijana wawili wakashauri tungoje. Nikawakata kauli: "Pandeni. Msimu umeingia, hapana shaka." Nani atambishia mwalimu wake? Asubuhi yake mama mmoja mjane, mzazi wa mwanafunzi wangu, akapanda mbegu zake zote, alizozinunua kwa fedha za kukopa. Mvua ikakatika karibu wiki tatu, miche ikaungua. Mama yule hakunilaumu. Alisema tu, kwa heshima: "Lakini sheikh, ulisema hapana shaka." Mbegu nilimrudishia, msimu sikuweza kumrudishia.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa sababu jambo lenyewe nalifundisha. Wanavyuoni wa usuli wamezipanga fikra za mtu kwa daraja. Yakini ni kujua kusikobakisha nafasi ya kinyume. Dhana ni pale upande mmoja unapouzidi wa pili. Shaka ni pande mbili kuwa sawa. Wahamu ni ule upande ulio dhaifu. Nilichokuwa nacho usiku ule ni dhana, nami nikaivika kanzu ya yakini. Lau ningalisema, "Katika miaka kumi inayoanza hivi, naona saba mvua huendelea, mitatu hukatika," yule mama angaliweza kupanda nusu na kuweka nusu. Kumficha mtu kipimo cha neno lako ni kumnyang'anya nafasi ya kujihadhari. Hiyo ni dhuluma, hata kama nia ilikuwa njema.

Yuko atakayesema kwamba kuhesabu mambo ya kesho ni kuingilia ghaibu. Nasema ni kinyume chake. Katika Surat Al-Kahf, aya ya 23 na 24, tumekatazwa kulisema jambo la kesho kwa mkato bila kulirejesha kwenye mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Asemaye "dhana" amekiri mpaka wake. Ajidaiye kujua ghaibu ni yule asemaye "hapana shaka". Wala tusilifanye neno "inshallah" pazia la kufichia uvivu wa kupima.

Mwingine atasema hesabu hizi asili yake ni kamari. Ni kweli kwamba mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa fedha za mchezo wa kamari uliokatizwa. Lakini hesabu hiyo hiyo ndiyo imwonyeshayo kijana anayebeti kwamba, akiendelea muda mrefu, mwenye duka la kamari ndiye atakayeondoka na fedha.

Tangu siku ile tumeliwekea baraza letu taratibu nne. Kwanza, kila msemaji ataje daraja la neno lake. Pili, mwenye madai ndiye aletaye dalili, na muulizaji asidharauliwe; hiyo ni adabu ya mjadala iliyoandikiwa vitabu tangu zama za Shamsuddin as-Samarqandi, katika karne ya 13. Tatu, mkubwa aseme mwisho, ili wadogo wasimeze rai zao kwa kumwonea haya. Nne, maneno yaandikwe daftarini, na msimu ukiisha yahesabiwe.

Katika hilo la nne pana insafu ambayo wengi huikosa. Aliyesema "saba katika kumi" asiitwe mwongo kwa kuwa mara moja haikuwa. Mhesabu kwa maneno yake mengi: yakipatikana saba hivi katika kila kumi, huyo ni mkweli. Na yakitimia yote kumi, huyo naye alipunja kipimo, japokuwa watu watamsifu.

Kuongoza baraza, ndugu yangu, si kuwa na neno la mwisho lisilopingwa. Ni kuangalia kwamba hakuna anayeondoka amebeba uhakika ambao msemaji mwenyewe hakuwa nao. Jambo hili halihusu mvua peke yake. Lahusu dawa unayomsifia jirani, mchumba unayemsemea, na biashara unayomtilia ndugu yako moyo aiingie.

Sisi twapenda kuhitimisha maneno yetu kwa "Wallahu aalam". Tulitamke huku tukilikusudia.

Wallahu aalam.