Ubao Uliong'olewa

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa vizazi vingi. Kila ubao ulipooza waliung'oa na kupigilia mpya, hata wanafalsafa wakaanza kubishana kama merikebu ile ilikuwa bado ni ile ile. Mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza utata. Tuseme, alisema, kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu moja baada ya nyingine, kisha akaziunga upya kwa mpangilio wake wa zamani: sasa zipo merikebu mbili, na ya Theseus ni ipi? Fumbo hilo limefundishwa tangu wakati huo, na wote wanaolijadili huitazama merikebu. Mbao zimetajwa kwa ajili ya hoja tu, na yule mwokotaji hakuulizwa hata kidogo aliona nini katika vitu ambavyo mji mzima ulikuwa umeviacha. Swali lake ndilo linalonivuta zaidi. Ubao ukishaondolewa mahali pake una hadhi gani? Nani ana haki ya kusema kwamba umekwisha?

Tazama jinsi hukumu hiyo inavyotolewa kwenye majengo yetu ya ghorofa, Dar es Salaam au Mombasa. Kabla zege halijamwagwa, mafundi hutandaza mbao za msonobari na kuzikingia kwa mirunda. Zege likishashika, vibarua huzibandua kwa mtaimbo. Ubao unaanguka ukiwa na ganda la saruji upande mmoja, misumari iliyopinda ikichungulia upande wa pili, na ncha iliyopasuka kiasi cha shubiri moja. Hutumika hivyo mara kadhaa, kisha hurushwa kwenye lundo kando ya uzio, na kutoka hapo wengi huishia kwenye mafiga ya mama ntilie. Ukiuliza utaambiwa mbao zile zimekufa. Lakini kata ile shubiri iliyopasuka, ng'oa misumari, kwangua saruji, na mbele yako kuna futi tisa au kumi za mti mzima usio na kasoro. Kilichokwisha ni kazi ya kushikilia zege. Mti wenyewe haukushiriki katika kukoma kwa kazi hiyo. Tunasema ubao haufai, hali tunachomaanisha ni kwamba sisi hatuna tena shida nao mahali hapa, leo hii, na lori linasubiri.

Hapa yupo atakayenisimamisha, na ana haki. Mbona kuni nazo ni matumizi? Ubao uliopika wali wa watu thelathini haukupotea. Nakubali kabisa, na ni kwa sababu ya kukubali huko kwamba siwezi kueleza upotevu kama kutotumika. Lazima tutafute maana nyingine, na nadhani tutaipata tukichunguza mti unavyotumika. Matumizi ya mti huenda upande mmoja tu. Boriti yaweza kuwa mbao za meza, meza iliyochakaa ikawa kigoda, kigoda kilichovunjika kikawa kuni, na kuni zikawa jivu la kutia shambani. Hakuna fundi awezaye kurudi nyuma, akakitoa kigoda akapata boriti. Kila msumeno unapopita, baadhi ya mambo ambayo mti ule ungeweza kuwa hufungwa moja kwa moja. Basi kupoteza mbao ni kuzifungia njia zilizobaki kabla ya wakati wake. Kuni si kosa. Kosa ni kwenda kwenye kuni moja kwa moja wakati meza na kigoda bado vilikuwa vinawezekana.

Wapo waliojenga desturi nzima juu ya jambo hili. Katika hekalu la Ise nchini Japani, majengo makuu hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2013. Mgeni anayesikia hivyo huweza kudhani ni ufujaji mkubwa wa miti. Lakini nguzo kubwa za mti wa hinoki zinazobeba mwamba wa paa, zikishateremshwa, huchongwa upya na kusimamishwa kama malango katika ncha mbili za daraja la Uji, mlangoni mwa hekalu hilo hilo. Hapo hukaa miaka mingine 20, kisha hupelekwa kuwa malango katika miji ya Kuwana na Seki. Mbao nyingine hugawiwa mahekalu ya sehemu mbalimbali za nchi. Waathene walihifadhi umbo wakaziacha mbao. Watu wa Ise huhifadhi umbo na mbao pia, kila kimoja kwa njia yake. Na pwani yetu, bila ibada yoyote, ilijua jambo linalofanana na hilo. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, boriti za mikoko zililazwa tu juu ya kuta, zikafunikwa kwa mawe na chokaa. Urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba, karibu mita tatu au pungufu. Kwa kuwa hazikuunganishwa kwa misumari, dari inapobomolewa boriti iliyo nzima hutoka nzima, tayari kulazwa juu ya ukuta mwingine.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la gharama. Ujira wa muda ambao fundi hutumia kung'oa misumari ungeweza kununua mbao mpya, na msumari mmoja uliojificha ndani ya mti huharibu meno ya msumeno. Hesabu hiyo haina kosa, ila imeanzia katikati. Bei ya ubao mpya hulipia ushuru, kupasua, usafiri na faida ya muuzaji. Miaka haimo. Msonobari wa Sao Hill kule Mufindi huhitaji miaka 20 hivi kufikia kuvunwa. Mpingo huhitaji 70 au zaidi. Muda huo ulipita, ulinyeshewa mvua, haurudi, na hakuna anayeudai. Ndiyo maana ubao mpya huonekana rahisi. Hata hivyo sitaki kumtwisha kibarua mzigo wa deni la wote. Kumwambia mtu wa kutwa ang'oe misumari bure kwa ajili ya maadili ni kumdhulumu. Wajibu huu uko juu zaidi, kwa mchora ramani na mkandarasi, wanaoamua tangu mwanzo kama vipande vitaunganishwa kwa skrubu na kabari au kwa gundi na misumari inayozamishwa kichwa. Waliozilaza zile boriti bila misumari waliwapunguzia wabomoaji kazi kabla hao hawajazaliwa.

Mwingine atasema kwamba kuoza nako ni kwa asili, na mti uanguke msituni ulishe udongo. Ni kweli, msituni. Ubao uliotupwa mjini haufiki msituni. Huchomwa pamoja na plastiki au hufukiwa chini ya kifusi. Na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, ambayo hubaki ndani yake muda wote ubao unapoendelea kuwa ubao.

Lipo pia pingamizi ninaloliogopa zaidi, kwa sababu linatoka upande wa wapenzi wa mbao kuukuu. Mbao za majahazi na milango ya kuchongwa zikipata wateja wenye fedha, jahazi ambalo lingeweza kukalafatiwa na kurudi baharini huwa na thamani zaidi likivunjwa, na mlango uliokaa kwenye fremu yake huanza kutazamwa kama mbao. Kanuni ile ile inajibu hapa bila kupindishwa. Kuvunja jahazi linaloelea ili kupata meza ni kuziba njia iliyo wazi, sawa na kuchoma ubao mzima. Kuokoa huanza pale tu ambapo kazi ya kwanza imekoma kwa haki. Na si kila kitu kiokolewe: nguzo ya umeme iliyotiwa dawa yenye aseniki haifai kuwa kitanda cha mtoto wala kuni za jikoni, kwa maana moshi wake ni sumu. Mtu aliyeugeuza ubao mkononi, akaugonga, akaunusa, akauliza ulitoka wapi, akaona umeliwa na mchwa hadi kiini, akauacha, hajapoteza kitu. Yeye na yule aliyeurusha kwenye lundo bila kuutazama wamefikia mahali pamoja, lakini ni mmoja tu aliyetoa hukumu.