Je, Mngoja Upepo Hafanyi Kazi?

Husemwa kuwa kazi ni kipimo cha utu. Lakini kazi yenyewe ipimwe kwa kipimo gani? Swali hili si geni, ila zama zetu zimelipa sura mpya.

Kampuni kubwa za ushauri wa teknolojia aghalabu haziuzi mashine. Huuza wakati wa watu. Benki ya London ikihitaji mfumo mpya wa kompyuta, huweza kukodi mafundi wa programu walioajiriwa na kampuni ya Mumbai au Bengaluru, ikatozwa kwa kila siku wanayofanya kazi. Mradi ukimalizika, fundi hurudi kungoja mradi mwingine. Kungoja huko huitwa kukaa benchi, kama mchezaji wa akiba uwanjani. Mshahara bado waja, lakini hakuna mteja anayeulipia.

Tata Consultancy Services ya India, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina wafanyakazi zaidi ya nusu milioni. Mwezi Juni 2025 iliweka kanuni kwamba kila mmoja awe na siku zisizopungua 225 kwa mwaka zinazotozwa mteja, na akae benchi siku zisizozidi 35. Ukizijumlisha unapata 260, yaani majuma 52 ya siku tano tano. Mwezi uliofuata ikatangaza kupunguza takriban asilimia 2 ya wafanyakazi wake, watu zaidi ya 12,000.

Anayekaa benchi hakai akapumzika. Husoma mafunzo mapya, huwaandikia wakuu wa miradi, hufanyiwa usaili upya ndani ya kampuni iliyokwisha kumwajiri. Na hofu ikimzidi, hukubali kazi isiyo fani yake katika mji asioujua.

Tuwe waadilifu: kampuni nayo ina hoja. Mshahara wa asiyeuzwa hutoka katika jasho la aliyeuzwa, na chombo kisichopata shehena hakiwezi kulisha mabaharia milele. Hilo ni kweli. Linalohitaji kuulizwa ni hili: ukosefu wa shehena ni kosa la nani?

Watu wa pwani twaijua habari ya kungoja. Majahazi ya Kutch na ya Ghuba yalishuka na kaskazi, yakangoja kusi ndipo yarejee kwao. Katika kungoja huko mabaharia walishona matanga, wakasokota kamba, wakakalafati chombo. Siku zile zilikuwa siku za safari. Asiyekalafati bandarini atakalafati wapi, katikati ya bahari?

Wala tusiipambe historia. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Unguja na Rufiji mwaka 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia waliogawana pato la safari, lakini walioelemewa na madeni. Dhuluma ilikuwapo. Hata hivyo, maadam malipo yalikuwa fungu la pato, pepo zikichelewa zilimchelewea nahodha na baharia pamoja.

Benchi la leo limeutengua ushirika huo. Wateja wakipungua, upungufu ni wa soko zima. Lakini hesabu yake huandikwa juu ya jina la mtu mmoja, kana kwamba ni yeye aliyezuia upepo usivume. Hapo kipimo cha biashara hugeuka hukumu ya utu.

Sisi wafasiri twaufahamu mzani huu. Neno moja laweza kutukawiza siku tatu, na mchapishaji hulipa kwa ukurasa. Siku zile hazimo katika malipo, ila zimo katika ukurasa.

Mvivu na alaumiwe kwa uvivu wake. Lakini aliyekosa mnunuzi wa siku yake, huku akiitumia siku hiyo kukalafati chombo cha wote, amefanya kazi. Na haki yataka mwenye kufaidi safari abebe pia sehemu ya kungoja.