Niliona Umeona

Mwishoni mwa Januari 2018, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi na rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja miaka minne tuliyatazama kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, kila mtu kwao. Matokeo hupangwa kwa shule na kwa namba ya mtahiniwa, na namba yake ilifuata yangu. Sikuhitaji kuitafuta. Yangu ilikuwa divisheni wani, ya kwake ziro.

Jioni ile akaweka stetasi WhatsApp: picha nyeusi tupu, bila neno. Niliitazama. Nikaandika "pole", nikafuta. Nikaandika "usijali", nikafuta, maana anayeambiwa asijali na mtu mwenye divisheni wani husikia kitu kingine kabisa. Nikazima data nikalala. Siku nne baadaye tulikutana bombani, nikaanza na uongo wa kawaida: sikuwa na bando, sikupata habari yoyote. Hakukasirika. Alisema tu, "Niliona umeona." Akajitwika ndoo yake akaondoka.

Sasa nasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma, na nimekutana na maswali ya maadili yenye majina makubwa, lakini hakuna lililonisumbua kama hilo la bombani. Je, rafiki ana haki ya kusema "sikujua"?

Nimezaliwa Chang'ombe. Ya Dodoma, si ile ya Temeke ambayo watu wa Dar wanadhani ndiyo pekee nchini. Mtaani kwetu nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa usiku unajua amelalia upande gani. Tulisikia kila kitu: ugomvi wa kodi, kilio cha aliyeachwa, mtu akihesabu hela zisizotosha. Na asubuhi tulisalimiana, "Mmeamkaje?" "Tumeamka salama." Kila mmoja alijua kwamba mwenzake alisikia, na kila mmoja alimpa mwenzake nafasi ya kuamini kwamba hakusikika.

Nilipokuwa mdogo niliudhani ule ni unafiki. Baadaye nikagundua kwamba mama yangu alikuwa akinituma kwa jirani kuomba chumvi asubuhi za namna hiyo, wakati kopo letu la chumvi limejaa. Nilipewa chumvi, nikarudi, nikaulizwa: amevaa nini, amepika, watoto wamekwenda shule? Mchana mama mwenyewe angekwenda "kurudisha chumvi", akakaa mpaka saa kumi. Yule jirani hakulazimika kueleza kilichotokea usiku. Akitaka alisema. Asipotaka, walichambua mchicha.

Kwa hiyo kujifanya hujui kulikuwa njia ya kumfikia mtu bila kumvua nguo. Hapo ndipo naona simu imetubadilisha, hasa tuliojifunza urafiki wa ujana tukiwa nayo mkononi. Tiki za bluu zilikuja mwaka 2014. Stetasi za saa 24, na orodha ya majina ya waliozitazama, zikaja mwaka 2017, mwaka ule ule tuliomaliza kidato cha nne. Watu hulalamika kwamba vitu hivi vimetunyima siri. Mimi naona wa Chang'ombe hatukuwa na siri nyingi za kupoteza. Tulichopoteza ni ile nafasi ya kujifanya. Kuona kwangu kumeandikwa, kuna jina langu na saa yake, na mwenye maumivu amelala kitandani akiisoma orodha. Na orodha haimtofautishi aliyetazama kwa uchungu na aliyetazama kwa umbeya.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 16. Yeye amezima tiki za bluu, na wenzake wengi wamezima. Ujumbe mgumu huusoma akiwa amezima data. Nilimwambia huo ni ujanja, kwamba rafiki wa kweli hajifichi. Akanijibu, "Dada, sijifichi. Nataka nikimjibu ajue nimetaka, asidhani nimekamatwa." Nilitafuta cha kumjibu nikakosa. Isitoshe, ukizima tiki zako nawe huoni za wenzako, na hilo naliona ni haki kuliko uchunguliaji mwingi tunaoufanya.

Lakini sitaki kuusifia mtaa wa zamani kupita kiasi. Nyuma yetu kuliwahi kuwa na mtoto aliyekuwa akipigwa na baba yake wa kambo. Sote tulisikia. Sote tulisema tumeamka salama. Sikumbuki mtu yeyote aliyekwenda kuomba chumvi nyumba ile, kwa sababu yule baba alikuwa mkali. "Sikujua" ilitusitiri sisi, si mtoto. Laiti kungekuwa na orodha ukutani yenye majina ya waliosikia, pengine mmoja wetu angeona aibu ya kutosha kwenda kwa mjumbe. Nikikumbuka hili, maneno ya mdogo wangu hayanitoshi tena.

Aristotle, katika kitabu cha maadili alichokiandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, anataja methali ya watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wawe wamekula chumvi pamoja. Mhadhiri alipoifafanua, alisema maana yake ni muda. Ndivyo ilivyo, nasi humwambia mzee kwamba amekula chumvi nyingi. Ila mimi niliona kopo la mama. Nikawaza kwamba kosa langu la Januari ile halikuwa kutazama, wala hata kunyamaza. Kutoka kwetu hadi kwao ni dakika tatu kwa miguu. Nilihesabu kutazama kama kufika, kisha aibu ya jina langu kuonekana ikanizuia kufika kweli, na kadiri siku zilivyopita bila mimi kwenda, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kwenda.

Hatukugombana. Tuliendelea kutazamana stetasi miaka saba. Najua alipoanza ushonaji, alipojifungua, alipohama na aliporudi kwao. Naye anajua kwamba najua.

Mwezi uliopita aliweka picha ya cherehani iliyofunikwa kitenge, na maneno mawili: "Basi tena." Nikaitazama, jina langu likaingia kwenye orodha. Nikavaa kandambili.

Nyumba yao iko mwisho wa uchochoro. Ukiipita unakuta ukuta. Nilibisha hodi, akatoka na mtoto mgongoni, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa napita.

Akautazama ule ukuta, kisha akanitazama mimi. Akaingia ndani kutafuta kigoda.