Mwenye Kuita Vita Ana Deni Gani?

Wazee wanasema: ulimi hauna mfupa. Unageuka namna unavyopenda, lakini neno likiisha kutoka halirudi tena kinywani. Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mahari, kilio na majina ya kwetu. Mara hii tunapenda kuuliza swali gumu: mtu anayetumia ufundi wa maneno kuwaita vijana waende vitani, na yeye mwenyewe anabaki nyumbani, ana deni gani kwa wale wasiorudi? Ili tusigombane sisi kwa sisi, tunachukua mfano wa mbali, ule wa mshairi Mwingereza Rudyard Kipling. Lakini tutaona kama mwisho wake unafika karibu kabisa na kwetu.

Kipling alizaliwa Bombay, India, mwaka 1865, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1907. Ile vita ya kwanza ya dunia ilipoanza mwaka 1914, alikuwa na miaka 48, na Waingereza wengi walimsoma. Tarehe 2 Septemba 1914 gazeti la The Times la London likatoa shairi lake la kuamsha taifa, ni kusema, kuwaambia watu kwamba hatari imefika na kila mmoja anapaswa kujitoa kabisa. Tena alisimama mbele ya mikutano ya kuandikisha vijana jeshini.

Tusimhukumu upesi. Wajerumani walikuwa wameivamia Ubelgiji, nchi ndogo isiyotaka kuingia katika ugomvi ule. Sisi tuliotawaliwa na Ubelgiji ileile tunajua kama nchi inayoonewa inaweza nayo kuonea wengine. Hata hivyo, kulinda mlango wa nyumba si dhambi, na Kipling aliamini kweli maneno yake. Kupenda nchi si kosa lake. Swali letu ni lingine: nani analipa bei ya maneno hayo?

Kipling alikuwa na mtoto mwanaume mmoja tu, John. Macho yake yalikuwa mabovu, hakuona mbali bila miwani, na juu ya hiyo jeshi la maji lilimkataa, na jeshi la nchi kavu likamkataa vilevile. Baba akamwendea rafiki yake Lord Roberts, mkubwa wa zamani wa majeshi, na John akapata cheo cha ofisa katika kikosi cha Irish Guards. Kwetu mzazi akifahamiana na mkubwa wa jeshi, mara nyingi anamtumia ili mtoto wake atolewe vitani. Kipling alimtumia ili mtoto aingie.

Tarehe 27 Septemba 1915, kwenye mapigano ya Loos huko Ufaransa, John akapotea. Alikuwa amefikisha miaka 18 mwezi uliotangulia. Maiti haikuonekana. Wazazi waliuliza askari waliokuwa pamoja naye, miaka ikapita. Kipling alikufa mwaka 1936 bila kujua mtoto wake amelala wapi. Ni mwaka 1992 tu ndipo jina la John liliwekwa juu ya kaburi la ofisa asiyejulikana, na wenye elimu wakabishana sana juu yake. Kila aliyefanya kilio bila maiti anajua uzito wa jambo hilo.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wengine watasema: basi, amelipa deni, hakutuma watoto wa wengine na kumficha wake. Ni kweli, hakuwa mnafiki. Lakini mtoto si feza ya kulipia maneno ya baba. Na kifo cha John hakikumrudishia mama mwingine mtoto wake. Deni la namna hii halilipwi kwa kuongeza maiti.

Sisi tunaona kwamba Kipling alianza kulipa kwa njia nyingine. Mwaka 1917 aliingia katika komisyo ya makaburi ya vita ya himaya ya Uingereza. Komisyo hiyo ilikubali sheria nzuri: ofisa na askari mdogo wapate jiwe la namna moja. Kipling alichagua katika kitabu cha Yoshua bin Sira maneno ya kusema kwamba jina lao litadumu, na kwa wasiojulikana akachagua maneno ya kusema kwamba Mungu anawajua. Mwaka 1919 alitoa mashairi mafupi ya makaburi. Moja, la mistari miwili tu, linaweka sababu ya vifo juu ya uongo wa mababa. Kuna wanaosikia humo toba yake, na kuna wanaosema aliwalaumu wakubwa wasiotayarisha nchi mapema. Vyovyote, yeye pia alikuwa baba.

Lakini angalia mwisho wa kazi hiyo. Vita ilifika mpaka Afrika ya Mashariki. Askari wa Force Publique walitoka Kongo wakateka Tabora mwezi Septemba 1916, na nyuma yao wapagazi wetu walibeba risasi na chakula, wakafa kwa maelfu, kwa magonjwa na uchovu. Upande wa Waingereza mambo yalikuwa yaleyale. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kuna sanamu za ukumbusho, na maneno yake aliandika Kipling: yanawataja askari wa Kiafrika, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima. Lakini yanaahidi kwamba jina litakumbukwa, kumbe majina yenyewe hayapo! Mwaka 2021 komisyo yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, pengine hata kidogo.

Njo maana tunasema: mwenye kuita vita ana deni la majina. Anayetunga wimbo wa kuwasukuma vijana, leo pia katika milima yetu ya mashariki, ajiulize kwanza: nani atakwenda? Anaitwa nani, mtoto wa nani? Akishindwa kujibu, afazali anyamaze. Na sisi wengine, tuwaulize wazee waliobaki majina ya wapagazi waliosikia kwa baba zao, tuyaandike. Sanamu haikuyaandika, na hakuna mwingine atakayetufanyia kazi hiyo.