Majani Tele, Maua Haba

Pengine nawe unayo bogenvilia uani: majani yamesongamana, kijani kibichi, lakini ua hulioni. Kila jioni unaimwagilia, kila mara unaitilia samadi, nayo inazidi kunawiri majani tu. Mmea hauna ukaidi. Naitrojeni nyingi iliyomo kwenye samadi huchochea majani. Kivuli na maji ya kila siku huuchelewesha kuchanua. Bogenvilia hutaka jua kali kwa muda wa saa sita hivi kila siku, na udongo ukauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena.

Nasi wakati mwingine hulea watoto hivyo: tunawakinga na kila jua, kisha tunashangaa hawachanui. Leo, kabla hujaongeza kitu, jiulize kwanza: kipi nipunguze?