Aliyepiga Yowe Bure

Liko swali litupasalo kulifikiri kabla ya masika: mtu akiwaamsha jirani zake usiku kwa hofu ya kuwa mlima utaporomoka, na mlima usiporomoke, je, amewakosea?

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Walikufa watu zaidi ya 80. Sisi wa Dodoma tumezoea kuliogopa jua kuliko mvua. Lakini Hanang ni jirani yetu wa kaskazini, na huko Kondoa na Mpwapwa wako wengi wakaao chini ya miteremko.

Mara nyingine mlima hutoa dalili: ufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, mlango uliofunguka vyema jana na leo wakwama, kijito kilichopungua ghafula hali mvua yanyesha. Hiyo ya mwisho ni ya kutisha sana, maana huenda udongo umeziba maji huko juu, nayo yatakuja yote pamoja. Nani huziona kwanza dalili hizi? Mara nyingi ni mama aendaye kuteka maji, au mtoto mchunga mbuzi. Nyumba ambamo hapana awezaye kusema "Tutoke" ila baba haijawa tayari, hata ikiwa imejengwa kwa saruji.

Kuchagua mahali pa kukimbilia, palipo mbali na korongo, na njia isiyovuka mto, na nani atambeba bibi: hayo hupatanwa jioni moja. Lililo gumu ni kupatana kwamba mpiga yowe asichekwe. Aonaye ufa hunyamaza, si kwa ukatili, bali kwa kuogopa kuitwa mwoga kesho yake.

Wengine watasema kwamba mayowe yakizidi, watu hawatatoka tena. Hoja hiyo ina nguvu, nami siidharau. Lakini dawa yake si dhihaka. Kukipambazuka na mvua ikikatika, aulizwe aliona nini, na wazee waende naye kupatazama, wakikaa mbali na ukingo. Ufa ukiwapo, hakudanganya, ijapokuwa mlima ulisimama. Na usiku wa pili walale kwingine.